Hiba, Wakfu na Daftari: Mjadala wa Mutaho juu ya Mkusanyaji Binafsi na Makumbusho ya Umma

Sehemu kubwa ya vitu vinavyoonyeshwa katika makumbusho ya dunia haikununuliwa na makumbusho yenyewe, bali ilifika kupitia kwa mtu binafsi aliyekusanya kwa miaka mingi, kisha akaitoa mwenyewe akiwa hai au ikatolewa kwa wasia baada ya kufa kwake. Mfano mmoja mkubwa ni wa Edwin Binney wa Tatu, mrithi wa familia iliyotengeneza kalamu za rangi za Crayola, ambaye alifariki mwaka 1986, na ambaye picha zake 1,453 za Asia ya Kusini, yaani picha zilizochorwa India na nchi jirani zake, ziliingia katika Makumbusho ya Sanaa ya San Diego, Marekani, mwaka 1990. Mtu mmoja alikusanya, na mji mzima ukarithi.

Kwa msomaji wa Mutaho, kwenye vilima vya kaskazini mwa Gitega nchini Burundi, habari hiyo inaweza kuonekana ya mbali mno, lakini swali lililomo ndani yake liko jirani kabisa. Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955 chini ya utawala wa Wabelgiji, yanahifadhi vyombo vya ufalme wa Burundi, vitu vya nyumbani na picha za kamera za enzi za zamani, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho hakikutoka mkononi mwa mtu kabla ya kuwekwa kabatini. Nani alikitoa, alikipata wapi na kwa haki gani, ni maswali yanayoihusu Gitega sawasawa na San Diego.

Mjadala unaofuata umepangwa kwa sauti nne ambazo zingeweza kusikika Mutaho siku yoyote watu wa Gitega na wa Muyinga wanapokutana: Mwalimu wa historia, Ustadhi wa Muyinga anayefundisha fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, Mama Mfanyabiashara anayeuza vitenge, na Mhifadhi aliyesomea utunzaji wa vitu vya kale. Wasemaji ni wa kubuniwa, ila watu, tarehe na mahali wanavyovitaja ni vya kweli. Hoja iliyowekwa mbele yao ni kwamba mkusanyaji binafsi anayetoa mkusanyo wake kwa makumbusho ya umma anastahili kupokelewa kwa shukrani, bila masharti na bila kuulizwa maswali.

Mwalimu ndiye anayeitetea hoja, na anaitetea kwa kumtaja mtu wa Afrika Mashariki. Joseph Murumbi alizaliwa Kenya mwaka 1911, baba yake akiwa mfanyabiashara mwenye asili ya Goa, pwani ya magharibi ya India, na mama yake akiwa Mmaasai. Alisomeshwa India, akarudi, akaingia katika harakati za kudai uhuru, na viongozi wa KAU, chama kilichodai uhuru huo, walipokamatwa mwaka 1952 alishika ukatibu kwa muda, kisha akaishi uhamishoni London kwa miaka mingi. Kenya ilipopata uhuru akawa Waziri wa Mambo ya Nje, na kwa miezi michache ya mwaka 1966 akawa Makamu wa Rais, cheo alichokiacha kwa hiari yake. Ila jambo analolisisitiza Mwalimu si vyeo. Katika miaka hiyo yote Murumbi alikuwa akikusanya vitabu, nyaraka, stempu, vinyago, nguo na vito vya Afrika, hata vitabu vyake vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900 vikapita 8,000, na mwaka 1972, yeye na mkewe Sheila pamoja na Mmarekani Alan Donovan, wakaanzisha jijini Nairobi duka na ukumbi wa sanaa ulioitwa African Heritage.

«Fikirini, ndugu zangu,» anasema Mwalimu, «wakati ambao ofisi za serikali zilikuwa zikihangaikia barabara na shule, mtu mmoja alikuwa akiokota kilichokuwa kikidondoka. Vitabu vyake leo viko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Kenya, mwanafunzi anaingia na kuvisoma. Vingine viko katika jumba la Nairobi Gallery, ile ofisi ya zamani ya Mkuu wa Mkoa iliyojengwa mwaka 1913, ambamo watu walikuwa wakienda kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Mtu wa namna hii unamwulizaje maswali ya polisi?»

Mwalimu anaongeza jambo ambalo kwa mwanahistoria lina uzito wake. Jengo linalohifadhi nyaraka hizo, kwenye barabara ya Moi jijini Nairobi, lilikuwa zamani tawi la Benki ya India, na Murumbi mwenyewe amezikwa pembeni mwa bustani ya City Park, karibu na kaburi la rafiki yake Pio Gama Pinto, Mkenya mwenye asili ya Goa aliyeuawa kwa risasi mwaka 1965. Kwa hiyo anayedhani kwamba Asia ya Kusini na urithi wa Afrika Mashariki ni habari mbili zisizokutana anapaswa kulitazama jengo hilo mara ya pili.

Ustadhi haipingi sifa hiyo, bali anataka majina yawekwe sawa kwanza, kwa sababu watu wanaochanganya majina huishia kuchanganya haki. Lugha ya Kiswahili, anasema, ina maneno manne kwa kile ambacho Mwalimu anakiita zawadi, na kila neno lina hukumu yake. Hiba ni kumpa mtu mali ungali hai bila kudai malipo, na wanazuoni huitakia mambo matatu: ijabu, yaani tamko la mtoaji, kabuli, yaani tamko la kupokea, na kabdhi, yaani mali kutiwa mkononi mwa mpokeaji, na kabla ya kabdhi mtoaji bado anaweza kurudi nyuma. Wasia hutekelezwa baada ya kifo. Amana ni mali ya mwenyewe iliyowekwa kwa mwingine aitunze, wala haiwi ya mtunzaji hata ikikaa miaka mia. Wakfu ni mali iliyofungwa, haiuzwi, hairithiwi wala haigawiwi, na manufaa yake ndiyo yanayowafikia watu, huku sharti alilolitia mweka wakfu likiheshimiwa karibu kama matini ya sheria.

«Sasa, Mwalimu,» anauliza Ustadhi kwa upole, «Murumbi alitoa kipi katika hivyo vinne?»

Jibu la kweli ni kwamba hakutoa hata kimoja kwa ukamilifu, na hapa ndipo mjadala unapoacha kuwa wa sifa. Katika miaka ya 1970 Murumbi aliiuzia serikali ya Kenya mkusanyo wake pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, Nairobi, akitaka mali ibaki nchini wala isitawanyike katika minada ya ng'ambo, na makusudio yakiwa kwamba nyumba ile igeuzwe taasisi ya masomo ya Afrika. Kwa jina ni mauzo. Kwa nia ni kitu kilicho karibu na wakfu, kwa kuwa kilifungwa kwa kusudi. Mkusanyo ulibaki Kenya, na hilo ni jambo kubwa. Taasisi haikusimama. Nyumba ilibomolewa na kiwanja kikagawanywa, na Murumbi, aliyefariki mwezi Juni mwaka 1990, aliishi akayaona hayo.

Ustadhi anaishika nukta hiyo bila kuiachia. Laiti sharti lile lingeandikwa kama sharti la wakfu linavyoandikwa, yaani mali itajwe kipande kwa kipande, mipaka ya kiwanja ichorwe na msimamizi ateuliwe kwa jina, anayetaka kuligawa eneo lile angelazimika kwanza kuivunja hati. Makusudio mema yaliyokaa katika kumbukumbu za watu wachache hayana mlinzi pale watu hao wanapoondoka madarakani. Mwalimu anajaribu kusema kwamba kosa hilo ni la mpokeaji, si la mtoaji, na Ustadhi anakubali mara moja, kwa sababu ndilo hasa alilotaka lisemwe: hoja imetaka mtoaji apokelewe bila masharti, kana kwamba masharti ni ukosefu wa adabu, ilhali masharti ndiyo yanayoilinda hiba yenyewe dhidi ya mpokeaji mzembe.

Mhifadhi anaingia kutoka upande mwingine, akianzia na kitu chenyewe, kwa kuwa watu wengi hujadili mikusanyo ya picha bila kuitazama picha hata moja. Picha za India ambazo wakusanyaji wengi walizipenda ni ndogo, nyingi hazizidi ukubwa wa daftari la shule lililofunguliwa, na zilichorwa ili zishikwe mkononi na kugeuzwa ukurasa kwa ukurasa, wala si kutundikwa ukutani. Katika majumba ya wafalme wa Mughal waliotawala India kazi hiyo ilifanywa na mafundi wengi pamoja ndani ya karkhana, neno la Kiajemi lililokuja kuwa «karakana» katika Kiswahili: mmoja akichora mistari, mwingine akijaza rangi, wa tatu akimalizia nyuso kwa brashi ya manyoya ya kindi. Kisha karatasi ililazwa kifudifudi juu ya jiwe laini na kusuguliwa kwa mgongo wake na jiwe la akiki, mpaka rangi ikabanana na kung'aa kama kauri. Kurasa ziliunganishwa katika albamu iliyoitwa murakkaa, neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya kitu kilichoungwa viraka.

Albamu hizo zilikuja kupasuliwa. Delhi iliporwa na Nadir Shah wa Iran mwaka 1739, ikaporwa tena na majeshi ya Waingereza baada ya uasi wa mwaka 1857 dhidi ya utawala wao, na kati ya matukio hayo na baada yake maktaba za majumba zilitawanyika, wafanyabiashara wakagundua kwamba ukurasa mmoja mmoja huleta faida kuliko albamu nzima. Kwa hiyo mkusanyaji wa karne ya 20 aliyeokoa kurasa 1,000 aliziokoa kutoka katika mpasuko ambao soko lenyewe, lililompa nafasi ya kununua, lilikuwa miongoni mwa sababu zake. Mhifadhi halisemi hilo kwa kumlaumu yeyote, ila anataka lijulikane, kwani wema na madhara katika biashara hii vimepita njia moja.

Anaongeza kwamba kupokea ni gharama. Mwanga hufifisha rangi na kuichosha karatasi, na madhara yake hujumlika bila kurudi nyuma, kwa hiyo makumbusho makini huionyesha picha ya karatasi kwa miezi michache katika mwanga wa lux 50, yaani mwanga hafifu unaomlazimu mtazamaji azoeze macho kwanza, kisha huirudisha gizani kwa miaka kadhaa. Anayeleta picha 1,000 anakabidhi pia vyumba vya giza, masanduku yasiyo na asidi, vipimo vya unyevu na mishahara ya watu. Kwa nchi kama Burundi swali hili ndilo la kwanza kabisa, na mtoaji anayeacha mali bila kuacha fungu la kuitunza ameacha nusu ya kazi.

Mama Mfanyabiashara, aliyenyamaza kwa muda, anasema kwamba mambo ya mwanga anawaachia wenye elimu hiyo, lakini mambo ya mali anayafahamu. Sokoni, anaeleza, jora la kitenge lisilo na risiti linaweza kupita mikono mitano, na mkono wa tano ukawa wa mtu mwema kabisa anayelitoa sadaka msikitini au kanisani, lakini kama mkono wa kwanza uliliiba, aliyeibiwa bado analidai. «Sadaka haiufuti wizi, Mwalimu. Mtu hutoa kilicho chake.»

Ushahidi wa maneno hayo unapatikana katika pwani ya Kenya. Wamijikenda, hasa Wagiriama, humchongea mwanachama wa chama cha wazee kiitwacho Gohu, baada ya kufa kwake, nguzo ya mti mgumu iitwayo kigango, ndefu na nyembamba, yenye kichwa cha mviringo au bapa na mwili uliopambwa kwa mikato midogo ya pembetatu, safu chini ya safu. Kigango kikishasimikwa hakipaswi kung'olewa, kwani si sanamu ya mapambo bali ni makazi ya heshima ya marehemu miongoni mwa jamaa zake. Tangu miaka ya 1970 mamia ya vigango yaling'olewa usiku, yakauzwa kwa wafanyabiashara wa vitu vya sanaa na kusafirishwa Marekani, ambako wanunuzi wengi baadaye waliyatoa zawadi kwa makumbusho. Mwaka 1990 makumbusho ya sayansi ya Denver yalipokea 30 kwa njia hiyo, na mwaka 2014 yakayakabidhi yote 30 kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, baada ya kukiri kwamba zawadi ile haikupaswa kuwa mali yao.

Kisa kimoja kinastahili kuelezwa kwa ukaribu zaidi. Mwaka 1985 mtafiti wa mila, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda akiwa amesimama kando ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Muda mfupi baadaye vigango vyote viwili viliibwa. Miaka ikapita, mpaka kimoja kilipotambuliwa katika makumbusho ya chuo kikuu huko Illinois na kingine katika Chuo Kikuu cha Hampton, jimbo la Virginia, na kilichovitambulisha ni picha ile ya kamera, mikato ya nguzo ikilinganishwa na mikato ya nguzo. Kufikia mwaka 2007 vyote vilikuwa vimerudi Kenya. Karatasi moja iliyotunzwa vizuri ilifanya kazi ambayo vilio vya familia nzima havikuweza kuifanya, na kwa mwandishi wa makala hii hakuna hoja iliyotajwa Mutaho inayoizidi hiyo kwa nguvu.

Hata hivyo Mwalimu hajasalimu amri, na jibu lake ndilo lililo gumu kuliko yote. Maswali mengi, anasema, huwafukuza watu wema na kuwaacha wabaya, kwa kuwa mwenye mali isiyo na karatasi ataiuza kimyakimya Ulaya badala ya kuileta Gitega, na kitu kikishaingia sebuleni kwa tajiri wa mbali hakuna mtoto wa Mutaho atakayekiona tena. Katika nchi zilizopita vita na uhamisho, risiti ni anasa. Familia ngapi zilikimbia Burundi na kikapu kimoja kichwani? Kumdai mtu wa namna hiyo hati ya mkuki wa babu yake ni kumwadhibu kwa msiba uliomfika.

Ustadhi na Mama wanalipokea jibu hilo kwa uzito linalostahili, na Mhifadhi anapendekeza kwamba maswali yawe mazito kadiri ya njia ambayo kitu kimepita: yule aliyekirithi nyumbani kwake aulizwe ili asimulie, na yule aliyekinunua sokoni aulizwe ili athibitishe. Tofauti hiyo ni ya haki. Haiondoi maswali, bali inayageuza kuwa mazungumzo kwa mmoja na uchunguzi kwa mwingine.

Baada ya hapo mjadala unarudi nyumbani, na unarudi na neno la Kirundi. Ubugabire ulikuwa mpango wa zamani ambao mwenye ng'ombe alimpa mwingine ng'ombe, na aliyepewa akafungwa na wajibu wa utumishi na uaminifu kwa mtoaji; na kwitura, yaani kurudisha shukrani kwa zawadi uliyopewa, kulihesabiwa alama ya utu. Mama anauliza kama vitu vilivyoondoka Burundi wakati wa Wabelgiji, kati ya mwaka 1916 na 1962, na kuandikwa «zawadi» katika madaftari ya makumbusho ya Tervuren karibu na Brussels, vilitolewa na watu waliokuwa na uwezo wa kukataa. Mkuu wa kijadi akimpa ofisa wa serikali ya kikoloni mkuki wake siku ya kutoza kodi, ijabu ipo, kabuli ipo, hata kabdhi ipo. Kinachokosekana ni hiari, na Ustadhi anathibitisha kwamba hiba ya anayelazimishwa ni batili. Mwezi Julai mwaka 2022 Ubelgiji ilipitisha sheria inayoruhusu vitu vya makoloni yake, Burundi ikiwemo, vitoke katika mali ya dola na kurejeshwa, kwa kufuata mapatano ya nchi na nchi. Mlango umefunguliwa, na atakayeingia na daftari kamili mkononi ndiye atakayesikilizwa.

Ziko pia mali ambazo hakuna mtu binafsi anayeweza kuzitoa, hata kwa hiari. Katika Kirundi ingoma ni ngoma na ingoma ni ufalme, neno moja kwa vitu viwili ambavyo Warundi hawakuviona kuwa viwili. Gishora, karibu na Gitega, ambako ngoma za mfalme Mwezi Gisabo zimetunzwa na ambako watunzaji wake wamerithishana kazi hiyo kizazi kwa kizazi, ni mahali ambapo chombo na watu hawatenganishwi, na ngoma ya kifalme ya Burundi ilipoingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika, kilichoandikwa ni tendo lenyewe la kupiga, kuimba na kucheza pamoja na chombo chake. Hapa sauti zote nne zinakubaliana, na si jambo la kurefushiwa maneno.

Kilichobaki ni kuulizana Gitega ifanye nini kesho asubuhi. Mama anataka jibu la kweli: mzee wa Mutaho akishuka na icansi, chombo cha mti cha kukamulia maziwa alichokitumia bibi yake, na kusema anakitoa kwa taifa, ataondoka na nini mkononi? Mhifadhi anasema anapaswa kuondoka na karatasi yenye nakala mbili, moja yake na moja ya makumbusho, iliyoandikwa jina lake na kilima chake, jina la chombo kwa Kirundi, nani alikitumia na kwa kazi gani, kilimfikiaje, na kama amekitoa hiba au amekiweka amana. Na kama hajui kusoma? Isomwe kwa sauti mbele ya mashahidi wawili, anasema Ustadhi, kisha ndipo akikabidhi. Mwalimu, aliyeuanza mjadala kwa kudai kwamba maswali huwafukuza watu wema, anaomba mstari mmoja uongezwe juu ya mingine yote, mstari wa jina la fundi aliyekichonga, kwa kuwa katika makabati mengi, ya San Diego na ya Gitega, jina la mtoaji hubandikwa kwenye kioo, na jina la fundi halimo.